Maswali na Majibu: Leseni ya mwendesha mtambo wa maji hutolewa wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Mimi ni kijana wa Tandahimba, mwenye cheti cha ufundi bomba cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na huu ni mwaka wangu wa tatu nikiendesha pampu na kutia klorini kwenye tangi la mradi wa maji wa kijiji chetu. Binamu yangu anayeishi Texas ameniambia kuwa huko mwendesha mtambo wa maji huwa na leseni yake mwenyewe. Nimeulizia leseni ya namna hiyo hapa kwetu. Wengine wananielekeza EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, wengine RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini. Niende wapi?

JIBU: Marahaba. Binamu yako amesema kweli. Nchini Marekani, marekebisho ya mwaka 1996 ya sheria ya maji salama ya kunywa yaliitaka serikali kuu itoe miongozo ya kuwathibitisha waendesha mitambo, nayo ikatolewa mwaka 1999, huku kila jimbo likisimamia utaratibu wake. Huko Texas leseni zina ngazi nne, kuanzia D hadi A, na mtu hupanda kwa elimu, muda wa kazi na mtihani, kisha huhuisha leseni yake baada ya kuhudhuria mafunzo zaidi.

Hapa kwetu mambo yamepangwa vingine. Leseni ya EWURA katika sekta ya maji hupewa mamlaka ya maji kama taasisi, na nadhani waliokuelekeza huko waliwafikiria mafundi umeme, ambao kweli EWURA huwapa leseni mmoja mmoja. RUWASA, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, nayo husajili chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, yaani kile kilichokuajiri. Kinachokutambulisha wewe mwenyewe ni elimu yako. Chuo cha Maji kilichopo Ubungo, Dar es Salaam, hufundisha uhandisi wa usambazaji maji na usafi wa mazingira, na pia teknolojia ya maabara ya ubora wa maji, kuanzia ngazi ya 4 ya astashahada hadi ngazi ya 6 ya stashahada na zaidi; ukiwa umefaulu masomo manne yasiyo ya dini katika kidato cha nne, una msingi wa kuomba. Mwenye stashahada ya uhandisi anaweza kuomba usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama fundi sanifu. Mwenzako aliyejifunzia kazini bila kukaa darasani aulize VETA kuhusu utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi.

Lakini usisubiri cheti ndipo ujifunze hesabu ya dawa. Chukua tangi la mita za ujazo 50, yaani lita 50,000. Ukitaka kutia miligramu 2 za klorini kwa kila lita, unahitaji gramu 100 za klorini halisi. Na kama unga ulio nao una klorini asilimia 65, unagawa 100 kwa 0.65 na kupata takribani gramu 154 za unga. Anayekadiria kwa kikombe hawezi kujua kama amezidisha au amepunguza. Baada ya dakika zisizopungua 30, pima klorini iliyobaki: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka angalau miligramu 0.5 kwa lita, maji yakiwa na pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) chini ya 8, kwa kuwa pH ikipanda klorini huua vijidudu polepole zaidi. Kisha nenda hadi kilula, yaani kituo cha kuchotea maji, cha mwisho kabisa, ambako isishuke chini ya 0.2. Kwenye uwanda wetu wa Makonde, ambako maji hupandishwa kutoka bondeni Mitema na kusafiri mbali, kipimo hicho cha mwisho ndicho ninachokithamini kuliko vyote, maana pampu ikisimama na msukumo ukipotea, maji machafu huweza kuingia penye bomba linalovuja.

Andika kila kipimo ulichokisoma kweli. Mwezi Mei mwaka 2000, katika mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada, mvua kubwa ilipeleka samadi ya ng'ombe kwenye kisima kifupi cha mji. Watu 7 walifariki na zaidi ya 2,000 wakaugua. Uchunguzi ulionyesha kuwa waendesha mitambo walikuwa wakijaza daftari kwa vipimo vya klorini ambavyo hawakuvipima, na kwamba vyeti vyao walivipata kwa sababu ya miaka yao kazini, bila mtihani. Ndiyo maana ningependa uingie darasani, hata kama mkataba wako wa sasa haukulazimishi.

SWALI: Mwanangu ameajiriwa hapa Lindi kwenye gari la kunyonya majitaka, na ameambiwa kazi hiyo haihitaji mafunzo. Ni kweli? Mama, Lindi.

JIBU: Si kweli, mama yangu. Ndani ya mashimo na chemba hujikusanya gesi ya salfaidi ya hidrojeni, yenye harufu ya yai viza ikiwa kidogo. Ikizidi, pua huacha kuinusa, na mtu huanguka bila onyo. Mara nyingi hufa pia anayeshuka kumwokoa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mafunzo na vifaa vya kujikinga. Asishuke shimoni bila hewa kupimwa, mkanda wa usalama wa mwili mzima wenye kamba, na watu wawili juu wenye nguvu za kumvuta. Kama gari lao halina kipima gesi, mpira wa kunyonya ushushwe kutoka juu, na yeye abaki juu.