Shangazi, binti yangu atatoshana na hao watoto wa matajiri?

SWALI: Shangazi habari ya siku nyingi. Mimi ni mzazi hapa Mumias, nalima miwa na niko na kaduka kadogo ka hadwea. Binti yangu alipata B- kwa KCSE na sasa ameshikilia anataka kusoma kompyuta kwa yunivasiti ya kibinafsi, ametaja Kabarak na zingine hapo Nakuru. Karo tutajikaza, mamake ameshasema ng'ombe mmoja ataenda. Kinachonikosesha usingizi ni wale atakaosoma nao. Shemeji yangu anasema ati huko ni watoto wa wabunge tupu, wanaletwa na madereva, na mtoto wa kijijini akifika ataona aibu aanze tabia. Ni kweli ama ni maneno ya shemeji?
– Baba wa binti, Mumias

JIBU: Baba, shemeji yako hajadanganya, ni vile tu amechungulia getini akarudi. Ukienda siku ya kufungua utaona Prado zimejipanga mpaka barabarani, na wewe unajua Prado moja inaonekana kuliko wanafunzi hamsini walioshuka matatu na sanduku la chuma. Watoto wa wakubwa wako, sikatai, lakini si wao wanaojaza madarasa.

Kwanza ujue kitu wengi wamesahau. Kuanzia 2016 mpaka 2022 serikali kupitia KUCCPS, lile shirika linalopangia wanafunzi vyuo, ilikuwa inapeleka wanafunzi wake kwa vyuo vya kibinafsi, kwa hivyo watoto wa walimu wa praimari, wa wauza omena, wa bodaboda, wote waliingia huko na serikali ikabeba sehemu ya karo (na ikaachia vyuo deni refu, lakini hiyo ni kesi ya siku nyingine). Walioanza chuo 2023 wakakuta mfumo mpya, skolashipu ya serikali ni ya vyuo vya umma peke yake, ukienda kibinafsi unabaki na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, na mfuko wako. Sasa hapo ndio shemeji yako ana kaukweli kidogo, manake darasa ambalo binti yako anaingia leo limejaa wanaojilipia kuliko lile la miaka mitano iliyopita. Lakini kujilipia si utajiri Baba, si hata wewe unauza ng'ombe? Wengi wao wako hapo juu ya harambee ya kanisa, mjomba mmoja aliye Qatar, na chama cha mama.

Halafu kuna watu wazima. Hawa hakuna mtu huwa anawataja. Walimu wanaokuja shule zikifungwa Aprili, Agosti na Disemba kuongeza digrii juu ya diploma, na wa jioni na wikendi, manesi, makarani wa kaunti, polisi, mama ameacha watoto na dada wa kazi akimbilie klasi ya saa kumi na mbili. Kampasi za mjini ndio zina hawa zaidi, kampasi kuu zina vijana wa kulala hosteli. Kwa hivyo ukiniuliza atasoma na nani, na mimi nakuuliza anaingia kampasi gani na klasi ya saa ngapi. Na usishangae kukuta Wasudani Kusini, familia zao nyingi zinaishi Nakuru na Eldoret, wengine watakuwa marafiki wake wa kwanza juu nao ni wageni kama yeye.

Wacha nikuambie mtu ninayemuogopa mimi. Si mtoto wa mheshimiwa, huyo mara nyingi hata hamjui binti yako yupo. Namuogopa yule wa katikati, ambaye kwao hali ni kama kwako lakini ameamua kuigiza, simu ya mkopo, nywele za mkopo, anakopa kwa apu tatu na nyingine anabeti, halafu wiki ya mtihani inafika hana kadi ya mtihani kwa sababu karo haijaisha, ndio anaanza kuzunguka hosteli akiombaomba. Huyo ndiye ataketi karibu na binti yako. Ongea naye juu ya huyo kabla hamjanunua godoro.

Na karo uliza vizuri. Vyuo vingine vinaenda semesta tatu kwa mwaka bila likizo ndefu, mtoto anamaliza haraka lakini wewe unaitishwa pesa mara tatu, na hela ya miwa tunaijua, inakuja ikijisikia. Uliza kama wanakubali kulipa polepole, na wakikubali uombe karatasi. Faida iko pia. Ule mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma ulioanza Septemba 2025 ukafika Novemba, wa kibinafsi walikuwa darasani wakiendelea.

Usiende siku ya wageni, siku hiyo hata maua yamepigwa maji. Nenda Jumanne saa saba mchana, Kabarak ni kama kilomita 20 kutoka Nakuru mjini kwa barabara ya Eldama Ravine, utafika tu. Keti mahali wanafunzi wanakula, angalia wangapi wanakula chapati madondo na wangapi wamebeba chakula kwa kontena. Binti yako amuulize msichana wa mwaka wa pili mwenyewe, wewe kaa mbali kidogo, ukiwa karibu hawatasema ukweli.

SWALI: Shangazi mimi ni kijana wa Kakamega, nimeitwa Baraton, ile yunivasiti ya Wasabato, na mimi si Msabato, nitaweza?
– Mkatoliki mwenye wasiwasi

JIBU: Utaweza, wasio Wasabato wako huko miaka yote, na chuo chenyewe si cha jana, ndicho cha kwanza cha kibinafsi kupewa hati Kenya, 1991. Lakini jua unaenda kwa nyumba ya watu. Ijumaa jua likizama kazi zimesimama mpaka Jumamosi jioni, kwa hivyo asaimenti ya Jumapili usiiachie hapo. Pombe na sigara sahau. Na kafeteria haina nyama kijana wangu, wewe Mluhya wa kuku, hilo ndilo litakusumbua kuliko dini. Kapsabet iko karibu, panga bajeti ya Jumapili.