Utalii wa parki zetu za Kivu: anza na siku ambayo mgeni hatakuja

Wadogo zetu mnaomaliza masomo ya utalii na mazingira huku Bukavu na Goma huwa mnakuja kwenye staji na mipango inayofanana. Ukurasa wa kwanza una picha ya gorila dume mwenye mgongo wa fedha. Wa pili una jedwali la wageni: mwaka wa kwanza mia tatu, wa tano elfu mbili. Kisha zinafuata kurasa za hoteli, tovuti na matangazo. Mtu akiuliza, "Parki ikifungwa kesho, nani atalipwa na kwa pesa gani?", ukumbi mzima unanyamaza.

Swali hilo ndilo la kuanzia, kwa sababu huku kwetu kufungwa ni sehemu ya kazi. Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kama parki ya kwanza ya taifa barani Afrika, imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1994. Kahuzi-Biega, parki ya upande wa Bukavu, iliingia kwenye orodha hiyo mwaka 1997. Mei 2018 Virunga ilifunga milango baada ya mlinzi kuuawa na watalii kutekwa, ikafungua Februari 2019, ikafunga tena Machi 2020 kwa ajili ya korona. Mei 2021 volkeno ya Nyiragongo ililipuka. Mwanzoni mwa 2025 Goma na Bukavu ziliingia mikononi mwa waasi wa M23. Atakayeandika mpango wa miaka mitano bila kuyahesabu hayo ameandika ombi la msaada, si mpango.

Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu wageni, hesabu gharama ambazo haziondoki mgeni asipokuwepo: mishahara, dawa, mafuta ya gari la doria, mawasiliano. Tuchukue mfano wa kituo kidogo ambacho gharama hizo ni dola 4,000 kwa mwezi. Akiba ya miezi sita ni dola 24,000. Ukiweka pembeni dola 40 katika kila kibali cha dola 400 cha kumwona gorila, unahitaji vibali 600 kabla akiba haijatimia. Sasa utaona kwa nini ile hoteli ya vitanda arobaini ingoje kwanza. Akiba hiyo iwe na akaunti yake na sahihi mbili, na maandishi yaseme ni tukio gani linaruhusu kuigusa. Ikikaa kwenye akaunti ya matumizi ya kila siku, itanunua matairi.

Gorila ndiye anayeonyesha vizuri zaidi kwa nini tunasisitiza hivyo. Familia ya gorila haitembelewi mpaka izoeshwe, yaani wafuata-nyayo waifuate kila siku, mara nyingi miaka miwili au zaidi, mpaka iache kukimbia. Wengi huona hapo kazi imekwisha, kumbe ndipo deni linapoanza. Mnyama aliyezoeshwa hamkimbii mtalii, lakini hamkimbii jangili wala mwenye bunduki pia. Katika nyanda za juu za Kahuzi-Biega, hesabu ya 1996 ilionyesha magorila karibu 250. Mwaka 2000 walibaki karibu 130, na zile familia zilizozoea watu zilikuwa miongoni mwa zilizoumia sana. Ukizoesha familia, umejifunga kuilinda kila siku, mgeni awepo asiwepo. Ndiyo maana ombi la "tuongeze familia ya tatu, wageni ni wengi" lisijibiwe kwa kuangalia soko. Mwulize mwombaji wafuata-nyayo wa hiyo familia watalipwa na nani mwezi ambao kibali hata kimoja hakikuuzwa. Akikosa jibu, familia ibaki porini ilivyo.

Sasa tuje kwenye idadi. Kwa gorila hesabu ni fupi: familia moja, kundi moja la wageni wasiozidi wanane, saa moja, mara moja kwa siku. Mgeni wa tisa hawi "mmoja tu", hata akiwa na barua ya mkubwa. Kwa njia ya miguu hesabu ni ndefu kidogo, na wengi huiruka.

Chukua njia ya mfano ya mita 3,000. Kundi la watu wanane linashika mita 16, kila mtu mita mbili. Ili makundi yasisikiane, acha mita 200 kati yao. Basi kila kundi linahitaji mita 216, na njia inabeba makundi 13, yaani watu 104 kwa wakati mmoja. Njia ikiwa wazi saa nane kwa siku na matembezi yakichukua saa nne, inazunguka mara mbili: watu 208. Wanafunzi wengi huishia hapo na kuandika 208 kwa wino mwekundu. Endelea. Mvua: kama miezi tisa inakula saa tatu kila siku, umepoteza saa 810 katika 2,880, ikabaki 0.72. Mteremko: kama mita 1,200 katika zile 3,000 ni udongo unaoteleza na kumomonyoka, imebaki 0.6. 208 mara 0.72 mara 0.6 ni 89 na ushee. Mwisho angalia watu ulio nao. Njia ikihitaji waongozaji na walinzi 10 kwa siku na wewe una 4, zidisha kwa 0.4: watu 35. Kwa makundi ya wanane, hayo ni makundi manne, watu 32.

Kutoka 208 mpaka 32. Katika mfano huu kinachobana zaidi ya vyote ni walinzi, na hiyo ni habari njema kwa mpangaji: mvua huwezi kuiongeza wala kuipunguza, mlinzi unaweza kumwajiri. Ila usishangilie mapema. Ukishaajiri, rudi kwenye mteremko, maana sasa ndio utakaobana kuliko vyote. Na namba hiyo si ya milele. Ni ya kuanzia. Kila baada ya miezi mitatu mtu aende na kamba na daftari, apime upana wa njia mahali palepale palipowekwa alama.

Upana huo unasema mengi. Maji yakituama katikati ya njia, mtu wa kwanza anakanyaga pembeni ili asilowe, wa pili anamfuata, majani yanakufa, tope linapanuka. Njia iliyochongwa kwa upana wa mita moja inakuwa barabara ya mita nne, na mizizi inabaki wazi. Ubao wa "Usitoke njiani" hausaidii chochote. Tatizo ni maji. Weka mawe au magogo yanayokatisha njia kwa mshazari ili maji yatoke upande wa bonde, na yazibuliwe kila mara msimu wa mvua, kwa sababu yakijaa udongo yanakuwa ngazi tu. Njia isipande moja kwa moja mlimani. Mwinuko wake usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wa mlima inapopita, na ukiweza uushikilie chini ya asilimia 10. Mianzi iliyokatwa kuwa ngazi inapendeza kwenye picha, lakini huoza upesi na kuteleza kama sabuni.

Choo nacho. Katika udongo wa kawaida, shimo liwe angalau mita 30 kutoka mto au chemchemi, na sakafu yake mita moja na nusu juu ya maji ya chini. Kwenye lava ya Nyiragongo kanuni hiyo haitoshi: mwamba hauchimbiki kirahisi, na penye nyufa maji machafu hushuka bila kuchujwa. Huko panga chombo kinachofungwa na mbebaji anayelipwa kukiteremsha, na malipo hayo yaingie kwenye bei ya kibali tangu mwanzo. Bajeti nyingi zina pesa ya kupandisha chakula mlimani, hazina ya kushusha taka.

Kuhusu magonjwa, kanuni mnazijua: barakoa, mgonjwa hapandi, watoto chini ya miaka 15 hawaendi kwa gorila, umbali wa mita 7 ambao tangu korona umesogezwa mpaka 10 sehemu nyingi. Tatizo liko kwa wafanyakazi. Mgeni anakaa na gorila saa moja. Mfuata-nyayo yuko karibu nao kila siku. Kama siku ya kukohoa ni siku bila malipo, ataficha kikohozi. Andika kwenye mkataba kwamba mgonjwa analipwa siku zake, na uwe na watu wawili wa akiba kwa kila timu. Hatua hiyo ndogo inamlinda gorila kuliko mabango kumi ya Kifaransa na Kiingereza.

Hapa kuna jambo ambalo huchafua jina la parki haraka kuliko yote: pesa za majirani. Msikie vizuri mtu anaposema "asilimia". Asilimia ya nini? Rwanda tangu 2017 inatenga asilimia 10 ya mapato ya utalii wa parki kwa jamii zinazozizunguka; kabla ya hapo ilikuwa 5. Uganda inatoa asilimia 20, lakini ya ada ya kuingia getini. Kwenye kibali cha gorila kinachouzwa dola 800 inaongeza dola 10, ambayo ni kama asilimia moja na robo. Asilimia 20 inasikika kubwa mpaka uulize ya nini. Kwa hiyo mpango wenu utaje msingi wa hesabu, tarehe ya kulipa, na nani anatangaza kiasi, na kitangazwe mahali ambapo mama wa Miti au wa Kibumba, vijiji vya jirani na parki, atakisikia: kanisani, sokoni, redioni. Kuta za ofisi hazisomwi.

Kununua kwa majirani kuna faida kuliko kugawa, lakini kunaharibika kirahisi. Kampi ikiahidi kununua viazi na mboga Kabare kisha ikalipa baada ya siku sitini, mama anayeuza hana mtaji wa kungoja. Atarudi sokoni Bukavu, na mpishi naye ataanza kununua vitu vya kopo. Mkataba uwe na kilo kwa wiki, bei, siku ya kulipa isiyozidi saba, na sarafu. Ukimlipa kwa dola, toa noti ndogo na nzima. Noti yenye tobo kidogo wabadilisha pesa wanaikataa, na hasara inabaki kwake. Na angalia jikoni: utakuta mgahawa kwenye lango la parki unapika kwa makala (makaa) ya msitu uleule unaolindwa. Andika kwenye mkataba wa jiko kwamba nishati ni gesi au kuni za mikaratusi iliyopandwa, na risiti zionekane.

Utalii peke yake haulishi majirani wote, usiwaahidi hivyo. Virunga ililielewa hilo ilipojenga mitambo ya umeme wa maji, kama wa Matebe huko Rutshuru uliozinduliwa mwaka 2015. Umeme unauzwa hata mwezi ambao gorila hakupata mgeni.

Mnaofanya kazi upande wa Kahuzi-Biega, msiruke habari ya Batwa, wenyeji wa asili wa msitu huo. Parki ilianzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa 1975, na katika miaka hiyo Batwa waliondolewa msituni bila fidia. Sasa kuna sheria namba 22/030 ya 15 Julai 2022 kuhusu haki zao, na mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Komisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu uliosema haki zao zilivunjwa. Mpango unaowataja kwenye ukurasa wa "ngoma za asili" peke yake utakutia aibu. Waulizwe kabla ya rasimu, kwa lugha wanayoongea nyumbani, mikutano zaidi ya mmoja, wanawake wapate kikao chao, muhtasari usomwe kwa sauti kabla ya kutiwa dole. Na kama jibu ni hapana, iandikwe hapana.

Karatasi za serikali hazina siri. Ndani ya parki ya taifa hujengi kitu bila ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia parki. Sheria ya uhifadhi ni namba 14/003 ya 11 Februari 2014, na sheria ya mazingira ya 2011 inadai uchunguzi wa athari kabla ya mradi, unaopitia kwenye Wakala wa Mazingira wa Kongo. Anza mapema, usiulete uchunguzi huo wakati msingi wa nyumba umeshamwagwa zege.

Mwisho, mgeni ambaye mipango mingi haimtaji: mtu wa Bukavu na wa Goma mwenyewe. Ndege zikisimama na mipaka ikifungwa, yeye ndiye anayebaki, pale usalama unaporuhusu. Hatalipa dola 400, na wala hahitaji kumwona gorila. Njia fupi ya msituni, maporomoko, au kituo cha Lwiro chenye sokwe mayatima vinamtosha. Mwekee Jumamosi, kundi la wanafunzi 24 wakigawanywa mara tatu, muongozaji anayeeleza kwa Kiswahili na Mashi, tiketi kwa franka. Basi liondoke mjini saa kumi na mbili asubuhi. Barabara ya kutoka Bukavu mpaka Tshivanga, kwenye lango la Kahuzi-Biega, ni kilometa 30 hivi tu, lakini vizuizi havihesabiwi kwa kilometa, na mvua ya huko hupenda kushuka alasiri.