Sindano ya neva kwa maumivu ya saratani ya nyonga
Pole sana, dada. Umeuliza kama sindano ya kuzima neva (mishipa ya fahamu) zinazopeleka maumivu itamsaidia mama, na kama itampooza miguu. Inaweza kumsaidia, hasa maumivu yakitoka kwenye kizazi au kibofu. Daktari huiongoza kwa eksirei hadi mbele ya uti wa mgongo, chini ya kiuno. Kwanza hujaribu dawa ya ganzi. Ikituliza, ndipo huweka alkoholi au fenoli inayoua neva hizo, na nafuu huweza kudumu miezi kadhaa. Neva za kutembea hazipiti hapo, hivyo kupooza ni nadra. Ila uvimbe ukiwa umeshavamia mfupa, sindano pekee haitoshi. Kama anatumia mofini, dawa kali ya maumivu, msiikatishe ghafla! Na kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwambieni daktari mapema.