Kwa Nini Alilikataa Ziwa la Kulia

Mwanangu wa pili alizaliwa Julai, wakati wa ile baridi ya Nairobi. Ziwa la kushoto alilinyonya vizuri. Nikimhamishia la kulia, alijipinda mgongo, akaachia chuchu na kulia mpaka sauti ikamkauka. Mama mkwe alisema ni tumbo. Kwenye duka la dawa nikauziwa dawa ya gesi. Jirani akaapa kwamba maziwa ya upande ule yameharibika.

Aliyegundua ni nesi wa kliniki. Alimpima, akafungua kitabu cha kliniki, akaona uzito umepanda kidogo mno. Kisha akamlaza chali, akamtazama kimya kwa muda. "Mama, umeona? Kila mara anageukia kulia." Nilipofika nyumbani nikapitia picha za simu: zote anatazama kulia. Msuli wa shingo ulikuwa umekaza. Nikimpakata kwenye ziwa la kulia, kichwa kilitaka kuelekea juu, mbali na ziwa, na kukirudisha kulimuumiza.

Kwa hiyo lile tatizo la kunyonya, la shingo na la kilio yalikuwa kitu kimoja. Ningetibu moja tu, ningezunguka mwaka mzima.

Tulianza na maziwa, maana mtoto mwenye njaa hatulii hata umkande vipi. Nesi alinifundisha kumhamisha bila kumgeuza: akimaliza kushoto, namsogeza alivyo hadi kulia, miguu ikipita chini ya kwapa langu kuelekea nyuma, kiganja kikishika mabega na shingo, si kisogo. Siku hiyohiyo alinyonya kulia. Nililia, lakini kwa furaha. Nikaendelea kumnyonyesha mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, nikihesabu nepi zilizolowa: sita au zaidi.

Kisha nikaandikiwa barua ya kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia kwenye hospitali ya umma. Mikono yake ilikuwa mepesi kuliko nilivyotarajia. Alininyoosha shingo mimi kwanza, nisikie nguvu anayotumia, ndipo akanikabidhi mtoto nijaribu mbele yake. Nyumbani nilifanya mazoezi hayo kila ninapobadilisha nepi. Nilimlaza kitandani upande ambao mlango na sauti za watu viko kushoto kwake. Akiwa macho nilimlaza kifudifudi kifuani pangu, dakika mbili, tatu, nikirudia mpaka zitimie 30 kwa siku, kama Shirika la Afya Duniani linavyopendekeza. Kulala usingizi ni chali tu.

Kumkanda kulikuwa zamu ya jioni, saa ile ya kilio. Nilisubiri kama nusu saa baada ya kunyonya, nikapasha viganja, nikapaka mafuta kidogo yasiyo na manukato. Tumboni mkono huzunguka kufuata mshale wa saa, ndivyo utumbo mpana unavyopita. Kisha miguu, kama anayeendesha baiskeli. Akigeuza uso au kukunja ngumi, niliacha. Baada ya hapo namvua, namlaza kifuani ngozi kwa ngozi, leso juu yetu wawili. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa watoto njiti waliokosa mashine za joto, lakini mtoto aliyetimiza miezi pia huituliza pumzi yake juu ya pumzi ya mama. Funga dirisha unapomkanda, ila tafadhali usiingize jiko la makaa chumbani. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua.

Mtaani wapo wakandaji wanaomning'iniza mtoto kwa miguu, wanaovuta mikono au kukunja shingo ili "ilie". Wapo pia wanaoshauri kukata kimeo ili mtoto anyonye. Nakusihi, kataa, hata kama anayekushauri ni mtu unayemheshimu. Mimi nilimwambia mama mkwe, "Mama, nisaidie kumshika miguu wakati namkanda," na tangu siku hiyo tukawa tunamkanda pamoja.

Akiwa na joto la nyuzi 38 kabla ya miezi mitatu, akikataa kunyonya kabisa, akitapika kijani au utosi ukibonyea, weka mafuta chini, nenda hospitali usiku huohuo.

Wangu aligeuka kushoto mwenyewe katika mwezi wake wa nne, kumtafuta dada yake aliyekuwa akimwita mlangoni.