Unapomshukuru Mungu, Taja Jambo Lenyewe

Wakristo wengi huanza sala kwa kusema, "Asante Mungu kwa mema yote," kisha papo hapo wakaingia katika mahitaji. Maneno hayo ni ya kweli, ila imani hukua zaidi mtu anapolitaja jambo lenyewe alilotendewa.

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 26, Mwisraeli aliyepeleka malimbuko, yaani mazao ya kwanza ya shamba lake, hakulikabidhi kapu akaondoka kimya. Alipaswa kusimulia mbele za Mungu jinsi baba zake walivyoshuka Misri wakiwa wachache, wakateswa, wakalia, wakasikiwa na kutolewa, hata yeye akapata shamba lililozaa matunda yale aliyoyabeba. Kisha alifurahi pamoja na Mlawi, mtu wa kabila lililohudumu katika ibada, na mgeni. Sura hiyo imenifundisha kushukuru kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia, kwa kuwa inanilazimu kukumbuka nilikotolewa kabla ya kuhesabu nilivyo navyo.

Nilikulia Uchagani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, katika usharika wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ambako siku ya mavuno watu huleta mikungu ya ndizi, mahindi, maharage, mayai na kuku, na baada ya ibada vitu hivyo hupigwa mnada nje ya kanisa. Kila mtu aliona shamba la mwenzake limetoa nini. Sisi tunaoishi kwa mshahara hutoa bahasha, na bahasha haisemi kitu. Kwa hiyo nashauri uandike juu yake sababu ya shukrani: mtoto amepona homa ya mapafu, deni la ada limekwisha, nimepatana na ndugu yangu. Nyumbani kwetu kila mmoja hutaja jambo moja la siku hiyo katika sala ya jioni, na watoto ndio hodari zaidi, maana wao hushukuru hata kwa daftari lililopotea likapatikana.

Walawi 7 inaagiza kwamba nyama ya sadaka ya shukrani iliwe siku ile ile, isibaki hata asubuhi. Nyumba moja isingeweza kumaliza ng'ombe kwa siku moja, hivyo naamini majirani walialikwa. Basi ukifanya ibada ya shukrani nyumbani, usiwaalike tu wale wanaoweza kukualika nawe. Mwite pia jirani ambaye jikoni kwake hakujawaka moto.

Lililo gumu ni kushukuru wakati wa msiba. Paulo aliwaandikia Wathesalonike washukuru kwa kila jambo, na wapo wanaolitumia neno hilo kumnyamazisha aliyefiwa. Baba yangu alipofariki, mama hakumshukuru Mungu kwa kifo. Alimshukuru kwa miaka aliyoishi na mumewe na kwa majirani waliolala nasi kwenye mikeka, huku machozi yakiendelea kumtoka. Zaburi ya 13 nayo huanza kwa kumuuliza Bwana atamsahau mtu hata lini, kisha ikamalizika kwa wimbo, na hakuna anayekemewa kwa kuuliza. Kwa hiyo ukienda msibani, usimdai mfiwa shukrani ambazo bado hazijamfika moyoni. Kaa naye, na katika sala umshukuru Mungu wewe kwa ajili ya marehemu, ukitaja waziwazi wema aliokutendea, ili watoto wake wausikie.