Anza na mbao, viti vitasubiri

Nilipoitoa Morris Minor Traveller, gari kuukuu la marehemu mjomba lenye mbao nyuma, kwenye ghala huko Njoro, kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma. Basi akili yangu yote ikaenda kwenye viti. Nikanunua reksini, ile ngozi ya bandia, ya rangi ya damu ya mzee, nikampa fundi mmoja hapa Nakuru, na baada ya wiki mbili vikarudi vinang'aa. Mvua za Aprili zilipofika, maji yakapenya kwenye pembe ya dirisha, yakashuka ndani ya ubao na kutua chini ya kiti kipya. Kuinua kiti, sponji imelewa maji kama andazi lililosahauliwa kwenye chai.

Kumbe nilianzia mwisho.

Traveller, iliyoundwa Uingereza kuanzia 1953 hadi 1971, si gari la bati lililovishwa mbao kwa urembo. Zile mbao za nyuma ndizo mifupa yake. Zinashika paa, madirisha na ile milango miwili ya nyuma. Mti wenyewe huitwa ashi, mti mgumu usiovunjika upesi, ndiyo maana kwao hufanyiwa mipini ya shoka. Ila maji hauyawezi. Ukiona weusi chini ya vanishi, usikimbilie msasa. Chukua bisibisi nyembamba udunge pale mbao zinapokutana, hasa ubao wa chini kabisa na nguzo za pembeni. Yangu ilizama mpaka kwenye mpini, na sikuwa nimetia nguvu.

Ashi sikuipata hapa. Seremala alinishauri saiprasi kwa kuwa iko tele na haisumbui randa. Nilikataa, kwani ni laini mno kwa ubao unaobeba mlango unaobamizwa kila siku. Nikatumia mvule uliotoka kwenye fremu za nyumba ya zamani iliyobomolewa. Uzuri wake ni kwamba ulikuwa umekauka miaka mingi. Mbao mbichi itasinyaa ikiwa tayari garini, na viungo vitaachia. Ukiukata mvule vaa barakoa, maana vumbi lake linawasha pua na ngozi.

Fundi akitaka kufungua pande zote mbili siku moja, mzuie, hata kama ana haraka ya kazi nyingine. Fungua upande mmoja, egemeza paa kwa boriti, maliza, ndipo uhamie wa pili. Na ule ubao uliooza usiutupe jikoni! Hata ukiwa nusu, bado unakuonyesha ulimi, ile ncha inayoingia kwenye tundu la ubao mwingine, ulikaa wapi na tundu lilikuwa na kina gani. Mimi niliupoteza mmoja kwa njia hiyo, ikabidi nipime upande wa pili na kugeuza vipimo kichwani.

Vanishi ipakwe kabla ya kufunga, pande zote za ubao, hata zile zisizoonekana. Ncha zilizokatwa zipe zaidi, mkono wa kwanza ukiwa mwepesi ili uzame, kwa sababu hapo ndipo ubao hunywa maji kama mrija. Vitundu vya kutolea maji usivizibe.

Sasa viti. Vya kwangu ilibidi virudiwe. Safari hii nilifumua mwenyewe kwa wembe, uzi kwa uzi, nikaandika namba kwa chaki nyuma ya kila kipande. Reksini kuukuu ndiyo kipimo cha mpya. Springi zikapigwa brashi ya waya na rangi, halafu juu yake nikalaza gunia la mkonge kabla ya sponji. Bila gunia springi huitafuna sponji, na yule fundi wa kwanza hakuwa ameliweka. Dukani, ikandamize sponji kwa goti. Ukiisikia sakafu, iache.

Milango ya nyuma siku hizi naifunga kwa kidole, zamani ilitaka nyonga. Kitambaa cha dari sijakigusa bado.