Usita wa Mui: tuanze na vigae au na upana wa njia?

SWALI: Sisi wenye maduka katika kipande kimoja cha Usita wa Mui, njia kuu ya Mji wa Kale hapa Lamu, tumechanga fedha ili tutandike vigae, tuufunike mtaro na tutundike turubai, wateja wapite kwa raha. Tuanze na kipi, na kwa vipimo gani?

JIBU: Ndugu msomaji, naomba vigae viwe vya mwisho. Anayepita Usita wa Mui hachoshwi na sakafu kama anavyochoshwa na kusimama kila hatua chache, mara ampishe punda, mara aizunguke meza ya bidhaa, mara ajibanze ukutani mkokoteni upite. Chukueni futi kamba asubuhi, bidhaa zikiwa zimekwisha kutolewa nje, muandike upana uliobaki pale palipobana kuliko pote, kwa kuwa njia hupimwa kwa wembamba wake, si kwa wastani. Kiti cha magurudumu huhitaji sentimita 90, na viwili vikipishana huhitaji takriban 180. Punda aliyebeba mchanga pande zote mbili mpimeni wenyewe, kisha muongeze nafasi ya mtu aliyesimama kando yake. Upana huo ukishajulikana, pigeni mstari ambao bidhaa ya duka lolote haitauvuka, hata siku za Maulidi ambapo mji hufurika wageni. Pale ambapo kuta zenyewe haziruhusu, tengeni mahali pa kupishana. Madaka, yaani maingilio ya nyumba yaliyorudi nyuma ya ukuta, yamefaa kwa kazi hiyo tangu zamani. Baraza za kukalia mbele ya nyumba, tafadhali, zisibomolewe kwa hoja ya kupanua njia, kwani mzee na mama mjamzito hupumzika hapo, na bila wao soko lenu limepungukiwa.

Mtaro ufunikeni kwa vipande vya zege ambavyo watu wawili wataweza kuvinyanyua. Ukizibwa moja kwa moja utajaa mchanga na taka bila mtu kuona, na mvua kubwa ya masika itayaingiza maji madukani. Nafasi za kupitisha maji zisizidi milimita 13, tena zikatize njia badala ya kufuata mwendo wa watu, ili mkongojo au gurudumu lisinase. Sakafu iinamie mtaroni kwa sentimita 2 katika kila mita, na isipande juu ya vizingiti vya maduka.

Vigae vinavyong'aa ni vya ndani ya nyumba: vikilowa, mtu huteleza, na kwato za punda huteleza zaidi. Afadhali kabro, yaani vitofali vya zege, juu ya mchanga, ambazo fundi wa bomba huzing'oa na kuzirudisha bila kuacha kovu la saruji.

Turubai halina haraka, kwa sababu kuta ndefu zinatia kivuli kwa sehemu kubwa ya siku, na turubai pana huzuia upepo. Likibidi, lisishuke chini ya mita 2.5, kwa ajili ya mwenye mzigo kichwani.

Mji wa Kale umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2001. Kwa hiyo mchoro wenye vipimo hivi upelekeni kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na kwa serikali ya kaunti kabla fundi hajagusa jiwe.